Kapu la Mnunuzi na Jaa la Mji

Waandishi wengi walioandika juu ya uchafu wa Dar es Salaam wameianza habari yao mwisho wake, yaani jaani, penye magari mabovu ya kuzoa taka na madiwani wanaolaumiana, hata msomaji akaachwa na dhana kwamba taka huzaliwa siku ile zinapotupwa; ilhali kwa haki taka za nyumba huzaliwa dukani, saa ile bidhaa inapotoka mkononi mwa mwuzaji na kuingia mkononi mwa mnunuzi, na jambo linaloamua wingi wake ni dogo kiasi cha kutotajwa, nalo ni hili: chombo kinachobeba bidhaa ile ni cha nani. Katika vitongoji vya Magomeni, Kinondoni, Temeke na Tandika chombo kilikuwa cha mnunuzi tangu vitongoji hivyo vilipopata watu. Kisha kikawa cha mwuzaji. Kisha, kwa amri ya serikali ya mwaka 2019, nusu yake ikarudishwa kwa mnunuzi. Historia ya jaa la mji, kwa maoni yangu, ni historia ya chombo hicho kilivyohama mikono, na mengine yote ni maelezo yake.

Vitongoji hivi si vya zamani kama mji wenyewe. Sayyid Majid bin Said wa Unguja alipoanza kujenga kando ya kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, na Wajerumani walipohamishia hapo makao ya serikali yao mwaka 1891, pande za Temeke na Kinondoni zilikuwa mashamba na vichaka, zenye minazi, mihogo na mikorosho na nyumba za hapa na pale. Umma wa watu wa kazi ulikuja kukaa zaidi Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliouteka mji mwaka 1916, na ulipojaa hata nyumba moja ikalaza watu wa nyumba tatu, serikali ya kikoloni, baada ya Vita Kuu ya Pili, ikaanza kupima viwanja na kujenga nyumba Ilala, Magomeni, Temeke na Kinondoni. Hesabu ya mwaka 1957 ilikuta mjini watu 128,742. Ile ya mwaka 1967, miaka sita baada ya Uhuru, ikakuta watu 272,821. Waliohamia vitongoji hivyo walikwenda na mambo mawili ambayo ramani za wapima viwanja hazikuyaonyesha: nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma, na ada ya kununua kidogo kidogo kila siku.

Ada hiyo haikutokana na akili iliyokaa kitako ikatafakari ubaya wa israfu. Ilitokana na ujira. Hamali wa bandarini na kibarua wa kutwa alikuwa akila usiku kile alichokipata jioni, na asiye na jokofu wala ghala, mwenye chumba kimoja cha kulala yeye na mkewe na watoto, angeuweka wapi mzigo wa mwezi mzima hata kama angejaliwa fedha ya kuununua? Duka la Mhindi pembeni mwa mtaa nalo lilikuwa limejitengeneza kwa ajili ya mkono wa namna hiyo. Mchele, unga na kunde vilikaa katika magunia yaliyokunjuliwa midomo, vikapimwa kwa kibaba, kwa kisaga ambacho ni vibaba viwili, au kwa pishi ambayo ni vibaba vinne. Sukari na chumvi zilipimwa kwa ratili na sehemu za ratili katika mizani. Mafuta ya nazi na mafuta ya taa yalichotwa kwa kikombe cha bati chenye mkono mrefu. Mtoto aliyetumwa alitoka nyumbani na chupa mkono huu na senti mkono huu, akasimama mbele ya meza iliyomzidi kimo akasema, "Mama anasema nipimie mafuta ya taa ya senti kumi, na chumvi," naye akarudi na mafuta katika chupa ileile na chumvi katika karatasi iliyosokotwa pembe. Karatasi yenyewe ilikuwa ya gazeti lililokwisha someka, na huenda habari za Mambo Leo, lililoanza kutolewa mwaka 1923, zimefika kwa watu wengi zaidi kwa njia ya njugu kuliko kwa njia ya posta.

Sokoni hali ilikuwa moja na ya dukani. Mama aliyekwenda kununua alibeba kikapu cha miyaa kilichoshonwa kwa ukili, kazi ya mikono ya wanawake wa pwani hii tangu zama ambazo hakuna aziwezaye kuzihesabu, na kikapu hicho kilidumu kwa miaka, kikipasuka kikashonwa, kikichoka kabisa kikawekwa uani kuwa kiota cha kuku atagae. Samaki wakubwa walivutwa kwa kamba ya ukindu iliyopitishwa mashavuni, na dagaa na embe walitiwa katika pakacha, ambalo husukwa kwa kuti bichi la mnazi kwa muda mfupi, nalo likimaliza kazi huchomwa au huachwa lioze, asijue mtu kwamba limekuwa taka. Nyanya, bamia, vitunguu na mchicha vilipangwa mafungu juu ya jamvi, kila fungu thamani yake, na genge la mtaani, yaani kibanda kile cha mboga ambacho hata leo hakikosekani Mwananyamala wala Tandika, liliwapa wanunuzi kadiri ya chungu cha siku moja. Chakula kilichonunuliwa kwa chungu cha siku moja hakina nafasi ya kuoza. Hili ni jambo la hesabu tu, wala halihitaji mafunzo.

Kama mtu angenitaka nimtajie bidhaa moja inayodhihirisha maisha hayo, ningetaja nazi. Nazi hununuliwa ikiwa ndani ya chombo ilichoumbwa nacho, na mwenye kuinunua hapotezi kitu. Kumbi zake, zikifukiwa topeni pwani kwa miezi, zikafukuliwa na kupondwa, hutoa usumba wa kusokota kamba. Zisipofukiwa huwashia moto. Kifuu kikichongwa na kutiwa mpini wa mti huwa upawa wa kupakulia mchuzi au kata ya kuchotea maji mtungini, na kikivunjika huongezwa jikoni, kikawaka moto mkali kuliko kuni. Nyama yake hukunwa juu ya mbuzi, hukamuliwa tui zito na tui jepesi, na machicha yaliyobaki humwagiwa kuku uani, au hutumika kusugulia sufuria. Mnazi wenyewe uliompa mtu nazi ile umemwezeka paa kwa makuti na kumsukia pakacha la kubebea. Leo, katika masoko hayohayo, nazi hukunwa kwa mashine na kutiwa katika kifuko chembamba cha plastiki, na lipo tui la kiwandani katika makopo na pakiti. Mpishi ameokolewa maumivu ya mgongo, na mimi si miongoni mwa wanaume wanaosifu mbuzi ya nazi bila kuikalia. Lakini kifuu na kumbi vimebaki sokoni kuwa rundo, na kifuko kimekwenda nyumbani kuwa taka, na kuku, kama yupo, hakupata kitu.

Vyombo vilivyotoka ng'ambo navyo vilipokelewa kwa adabu ileile. Debe la mafuta ya taa, lenye ujazo wa galoni nne, halikutupwa likiwa tupu: lilitiwa mpini wa mti likawa ndoo ya wachota maji; likawa kipimo cha mahindi sokoni, na hata leo mkulima hunena debe akimaanisha ujazo; likikongoroka likakunjuliwa, likapigwa nyundo na kuwa bati la paa au ukuta wa choo. Kopo la maziwa lilikwenda kwa mafundi bati wa Gerezani na kurudi likiwa koroboi, na pipa la lami au la mafuta likakatwa likawa majiko ya mkaa, masufuria na makarai. Mpira wa gari uliokwisha ulikatwa ukawa katambuga, viatu ambavyo nimeona watu wakivirithi. Chupa zilikuwa na bei yake. Aliyetaka soda alirudisha chupa tupu au aliweka rehani ya fedha, na mnunuzi wa chupa alipita mitaani akinadi, wanawake wakamtolea zile zilizokuwa chini ya kitanda. Ndani ya vyumba, chakula kilichobaki kilitundikwa juu katika susu, mbali na paka na sisimizi, na kilipoamka kikawa kiporo, ambacho wapo watu wa heshima wasiokubali kubadilishiwa kwa mkate. Ulipobaki wali mwingi, sahani ilifunikwa kwa kawa ikapelekwa nyumba ya pili, na ada haikuruhusu sahani irudi tupu; kwa njia hiyo mwezi wa Ramadhani, ambao kwa wingi wa mapishi yake ungeweza kuwa mwezi wa ubadhirifu, ukawa mwezi ambao vyakula vilizunguka mtaa mzima kabla ya kulala.

Kilichobaki baada ya hayo yote kilikuwa maganda, majivu na mchanga uliofagiwa, navyo vilikuwa na shimo lake uani, likijaa hufukiwa na kuchimbwa jingine, na juu ya lile la zamani ukaota mpapai. Halmashauri ya mji ilikuwa na wafagiaji na magari, lakini kazi yao kubwa ilikuwa katikati ya mji na katika mitaa ya Wazungu na Wahindi. Temeke na Magomeni zilijisitiri zenyewe.

Hasha, sisemi kwamba watu wa zama hizo walikuwa malaika wa iktisadi. Anunuaye kwa kibaba hulipa ghali kuliko anunuaye kwa gunia, na tofauti hiyo, ikijumlishwa mwaka mzima, ilikuwa kodi waliyotozwa maskini kwa kosa la umaskini wao. Kibaba chenyewe kiliweza kubonyezwa kitako, na mwenye duka mwenye kidole gumba kinene alijua pa kukitia wakati wa kupima. Deni liliandikwa katika daftari ambalo mdeni hakulisoma. Wala vyakula vilivyokaa wazi katika magunia havikukosa wadudu, panya na mkono mchafu. Ninalosema ni jepesi zaidi: kwamba utaratibu uliowabana wanunuzi hawa katika fedha uliwafanya pia wasizalishe taka, na kwamba mambo haya mawili yalifungamana hata ilikuwa taabu kulifungua moja bila ya kulifungua la pili.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 na siasa iliyolifuata vililigusa duka kabla ya kuligusa jaa. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, iliyokusudia maduka ya watu binafsi yaondoke na mahali pake pashikwe na maduka ya ushirika na ya vijiji. Nia ilikuwa kumwondoa mnyonyaji kati ya mkulima na mlaji, lakini mnyonyaji alipoondoka aliondoka na magunia yake, na rafu zikabaki na chumvi na viberiti. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980, baada ya ukame, kupanda kwa bei ya mafuta na vita na Idi Amin, wakazi wa Dar es Salaam walikuwa wakipanga foleni tangu alfajiri wasijue foleni ni ya nini. Sukari, unga, sabuni na khanga viligawiwa kwa mgao, na balozi wa nyumba kumi, ambaye kazi yake ilikuwa ya siasa, akajikuta mwenye duka asiye na duka. Ulikuwapo unga wa njano kutoka Marekani ambao watu wa mji, kwa mapenzi yao ya kandanda, waliuita unga wa Yanga. Wapo waliofua kwa majani ya mpapai sabuni ilipokosekana. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza vita dhidi ya walanguzi, na usiku mitaani wenye bidhaa walizitupa mitaroni na baharini kwa hofu ya kukamatwa nazo, israfu ambayo pengine ndiyo kubwa kuliko zote zilizopata kuonekana mjini humu, ikatendeka katika mwaka wa njaa.

Katika muda huo mnunuzi alijifunza tabia mpya, ya kununua kilichopo badala ya kinachohitajiwa. Aliyekuta mafuta alinunua mafuta hata kama ya nyumbani hayajaisha, akayaficha uvunguni, kwa kuwa kesho hayatakuwapo. Nadhani tabia hiyo ilidumu baada ya sababu yake kuondoka, na ndiyo iliyowafanya watu wa umri fulani, bidhaa zilipofurika tena, wajaze makabati vitu visivyo na safari. Lakini siwezi kuiapia dhana hii, naiweka tu mbele ya msomaji.

Serikali nayo, katika miaka hiyohiyo, ilikuwa imejiondolea mikono ya kufanyia usafi. Kwa utaratibu wa madaraka mikoani ulioanza mwaka 1972, halmashauri za miji zilivunjwa. Ile ya Dar es Salaam haikurudi mpaka 1978, na iliporudi ilikuta mji ambao watu wake walikuwa wamekaribia laki nane na nusu, na magari ambayo vipuri vyake vilihitaji fedha za kigeni. Mashimo ya uani yalikuwa yakianza kufukiwa kwa ajili nyingine: mwenye nyumba aliyeona wapangaji wanazidi alijenga vyumba vya uani, banda likawa safu, safu ikawa nyumba ya pili, na pale palipokuwa na kuku na mpapai pakawa na mlango na kufuli. Mtu anaweza kuishi bila jokofu, lakini asiye na ua hana pa kuchimba, wala hana kuku wa kulishwa machicha.

Ndipo bidhaa zilipofunguliwa. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wafanyabiashara walete bidhaa kwa fedha zao wenyewe bila kuulizwa walikozipata, na mwaka uliofuata akaingia madarakani Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye watu walimpa jina la Mzee Ruksa kwa hisani hiyo. Furaha ya watu ilikuwa kubwa, na ilikuwa ya haki. Hakuna aliyepanga foleni ya sabuni anayeweza kudhihaki duka lililojaa. Lakini duka lililorudi halikuwa lile lililoondoka. Sabuni ya unga, majani ya chai, dawa ya meno, pombe kali, maziwa na maji ya kunywa vilikuja vimekwisha kufungwa kiwandani, kila kimoja katika ngozi yake, na viwanda, vilipogundua kwamba mteja wa Mbagala na Manzese angali akinunua cha siku moja kama babu yake, havikumpimia. Vilimfungia cha siku moja katika pakiti ndogo. Mnunuzi mdogo alibaki mdogo, na tofauti ikawa kwamba kila ununuzi wake mdogo uliacha kipande cha plastiki nyuma yake. Viroba vya pombe, vilivyouzwa kwa bei ya watoto na kutapakaa vituoni hata ardhi ikametameta, vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, na sababu kubwa iliyotajwa ilikuwa ulevi wa vijana. Mitaro nayo ilipata nafuu.

Mfuko wa rambo ulikuja pamoja na hayo, ukatolewa bure, na ubure huo ndio uliovunja kikapu cha miyaa. Hakuna mwanamke wa Temeke aliyekaa akaamua kwamba kikapu ni kibaya. Ila alipitia sokoni akitoka kazini, mikono mitupu, na mwuza nyanya akamtilia fungu lake katika mfuko, na mwuza vitunguu katika mwingine, na mwuza samaki katika wa tatu na wa nne kwa ajili ya maji yanayochuruzika, na katika muda wa miaka michache kubeba kikapu kukawa dalili ya ushamba au ya uzee. Mfuko ulitumika kwa mwendo wa sokoni hadi nyumbani. Kisha ulifungiwa taka, na taka zikafungiwa hata zile ambazo zamani hazikuhitaji kufungwa, na furushi likatupwa usiku mfereji ulipokuwa na maji. Hananasif, kitongoji cha Kinondoni kilicho kando ya bonde la Msimbazi, wakazi walishiriki katika miaka ya 1990 kujenga mifereji ya mvua kwa mikono yao, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, na kazi ile ilisifiwa nchi za mbali. Lakini mfereji uliojengwa kwa ajili ya maji hauwezi kuchukua maji na mafurushi pamoja. Mvua za Desemba 2011 zilipoua watu na kuwahamisha wengine wa mabondeni hadi Mabwepande, si haki kuilaumu plastiki peke yake, maana Msimbazi ni bonde la mafuriko tangu kuumbwa kwake. Ila ni haki kusema kwamba maji yalikuta njia zimezibwa.

Na jaa lilikuwa halina pa kukaa. Taka za mji zilimwagwa kwa miaka mingi Tabata, zikachomwa moto uliofuka usiku na mchana, mpaka wakazi wa huko walipoishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu, katika shauri la mwaka 1988, wakashinda. Halmashauri iliomba muda, ikapewa, ikaomba tena, na mwisho jaji akakataa kuendelea kuiruhusu mamlaka ya umma ihatarishe afya za watu. Jiji likageuka likaelekea Kunduchi Mtongani, upande wa Kinondoni. Wakazi wa huko nao, mwaka 1991, wakakimbilia mahakamani, nao wakashinda. Katika vitabu vya sheria mashauri haya mawili yanahesabiwa kuwa mwanzo wa haki ya mazingira mema nchini, nayo yastahili heshima hiyo. Lakini yana upande mwingine ambao wanasheria hawana haja nao, kwamba jaa lililofukuzwa kwa wenye wakili lilihamia kwa wasio na wakili. Lilikwenda Vingunguti, likaenda Mtoni, upande wa Temeke, karibu na mkondo wa bahari, sasa liko Pugu Kinyamwezi, na kila lilikohama limeacha nyumba zilizojengwa juu ya kifusi chake. Halmashauri yenyewe ilivunjwa tena mwaka 1996, ikaja Tume ya Jiji, na mwaka 2000 Ilala, Kinondoni na Temeke zikawa manispaa kila moja na taka zake. Kazi ya kuzoa iligawiwa kampuni na vikundi vya mitaa, na kaya ikaanza kutozwa ada ya taka. Waliozoa kwa mkokoteni huko Mwananyamala na Keko, penye vichochoro visivyopitika kwa gari, walikuwa aghalabu vijana na wanawake, na kazi yao haikupata sifa.

Marufuku ya mifuko haikuzuka ghafla mwaka 2019. Unguja walikwisha kuikataza mwaka 2006, na mwezi Aprili wa mwaka huohuo Makamu wa Rais, Dk. Ali Mohamed Shein, aliutangazia umma wa bara kwamba mifuko ya plastiki itaondoka. Tangazo likaishia kubana ile myembamba mno, na utekelezaji ukalegea. Rwanda ilifanya mwaka 2008, Kenya mwaka 2017. Tarehe 9 Aprili 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alisimama bungeni akataja siku ya mwisho, na tarehe 1 Juni ilipofika mifuko ikawa haramu kutengenezwa, kuuzwa na hata kubebwa, na mtu aliyekutwa nayo mkononi alihadharishwa kwa faini isiyopungua shilingi 30,000 au kifungo kisichozidi siku 7. Wengi walitabiri kwamba masoko yatasimama. Hayakusimama. Katika soko la Temeke Sterio na la Tandale watu walikuja na ndoo, na beseni, na mifuko ya sandarusi iliyoshonwa kwa viroba vya unga, na kanga iliyofungwa pembe nne, na vikapu vya miyaa vikashushwa kutoka juu ya makabati. Na kama wanunuzi wa umri mkubwa waliyatenda hayo kwa wepesi kuliko vijana, sababu ni kwamba wao hawakuwa wakijifunza, walikuwa wakikumbuka. Vijana walipata riziki milangoni mwa masoko kwa kuuza mifuko ya kitambaa, na mara ya kwanza tangu miaka ya Ruksa mfuko ulikuwa na bei, ukarudishwa nyumbani, ukakunjwa.

Lakini nimesema nusu, na neno hilo halikunitoka kwa bahati mbaya. Amri iligusa mfuko wa kubebea, haikugusa ngozi ya bidhaa yenyewe, na wafanyabiashara hawakuchelewa kuuona mlango ulioachwa wazi: vifuko laini visivyo na mikono, vilivyoruhusiwa kwa kufungashia bidhaa, vikaanza kutiwa nyanya na samaki kama rambo ilivyotiwa, na maofisa wa mazingira wakarudi sokoni mara kwa mara kuvikamata. Tatizo hapa ni zito kuliko ukaidi wa wauza nyanya. Serikali ina mkono mmoja unaohimiza, na kwa sababu njema, kwamba unga, asali, viungo na mafuta viuzwe vimefungwa, vimetiwa muhuri na alama ya ubora na tarehe ya kuharibika, ili mlaji asiuziwe takataka. Na ina mkono wa pili unaolia juu ya vifungashio hivyohivyo vikiwa vitupu. Mwenye duka aliye kati ya mikono hiyo ni yule ambaye mji wote humwita mangi, awe Mchagga au asiwe, aliyerithi meza ya Mhindi na sehemu ya maarifa yake.

Yafaa kumtazama mangi kwa heshima, kwa kuwa amewashinda wenye maduka makubwa. Shoprite iliuza maduka yake kwa Nakumatt mwaka 2014 ikaondoka. Uchumi ikafunga mwaka 2015. Nakumatt nayo ikaanguka. Na katika muda wote huo mangi wa Kijitonyama na wa Yombo alikuwa akifungua asubuhi na kufunga usiku wa manane, akiuza sukari robo, mchele nusu, yai moja, kiberiti kimoja, na mafuta ya kula kutoka katika dumu, kwa kipimo, katika chupa aliyokuja nayo mteja. Chupa hiyo siku hizi ni ya plastiki, iliyokuja mtaani na maji ya kunywa, na mwenye nyumba ameiosha akaiokoa kabla ya waokota makopo. Mchele wake umetoka Tandale katika gunia, na gunia litauzwa. Ukiacha pakiti zinazoning'inia juu ya kichwa chake kwa minyororo, duka lake lingeweza kutambuliwa na mtu aliyekufa mwaka 1960.

Mji huu sasa, kwa hesabu ya mwaka 2022, una watu 5,383,728, na wanaoutakia mema huwashauri wakazi wake waandike orodha ya mahitaji kabla ya kwenda dukani, wanunue kwa jumla, wapunguze safari. Ushauri huo una maana kwa mwenye mshahara wa mwezi, jokofu na stoo, naye anaupata kwa kuwa ndiye mwenye kutupa zaidi. Kwa yule wa Tandika ambaye mumewe hulipwa jioni, hakuna orodha ya kuandikwa. Ataendelea kununua mafuta ya kupima kwa sababu ileile iliyomfanya bibi yake ayanunue, ambayo ni kwamba fedha aliyo nayo leo haitoshi dumu. Na likija agizo la kwamba mafuta yasiuzwe ila yamefungwa kiwandani, litamkuta dukani, chupa mkononi.